Barua ya Wazi kwa Mchapishaji wa Dune ya Sauti

Kwa Mkurugenzi wa Vitabu vya Sauti,

Yah: Sauti za wahusika katika Dune

Toleo la sauti la riwaya ya Dune lililotoka mwaka 2007 lina kasoro moja kubwa: sauti za wahusika hazidumu. Baadhi ya sura zimesomwa na kundi la waigizaji, kila mhusika na sauti yake. Nyingine zimesomwa na msomaji Simon Vance peke yake, akiwaigiza wote. Kisha waigizaji hurejea bila taarifa. Mhusika kama Baron Harkonnen aliyekwisha kuzoeleka kwa sauti moja huibuka na nyingine, na msikilizaji hajui tena nani anasema.

Waliosoma rekodi hawana lawama. Ni mafundi wa kazi yao. Lawama ni ya aliyeamua kuchanganya namna mbili za usomaji ndani ya kitabu kimoja, kisha akakiuza bila kumweleza mnunuzi.

Anayeona akipotea, hufungua kitabu cha karatasi akatafuta jina. Asiyeona ana sauti tu. Mwandishi wa barua hii haoni. Alilinunua toleo hili kwa sifa zake nyingi, akaliacha njiani, kwa sababu hakujua tena nani anasema. Fedha imepotea; kilichomuuma zaidi ni kuikosa hadithi aliyoitamani kwa miaka.

Riwaya hii ya Frank Herbert, iliyochapishwa mwaka 1965, haivumilii mkanganyiko wa aina hiyo. Katika karamu ya mji wa Arrakeen, Duke Leto, Lady Jessica, Paul, Kynes, mtu wa benki na mlanguzi wameketi meza moja. Wanazungumza kuhusu maji, biashara na adabu, huku kila mmoja akimpima mwenzake. Tishio limejificha katika kauli ya kawaida, na uzito wake unategemea kinywa kilichoitoa. Asiyejua nani anasema hawezi kujua nani anatishwa. Juu ya hayo, maneno mageni ya riwaya yameelezwa katika faharasa iliyo mwishoni, mbali na mtu aliye katikati ya usikilizaji wa zaidi ya saa 20.

Vitabu vya sauti vina deni kwa wasioona. Nchini Marekani, sheria ya Pratt-Smoot ya mwaka 1931 ilitenga fedha za vitabu vya watu wazima wasioona; miaka michache baadaye vikaanza kutolewa kwenye santuri, ambazo kila upande ulibeba takriban robo saa ya usomaji. Uingereza ilifuata mwaka 1935. Biashara ya leo imesimama juu ya kazi hiyo.

Kwa heshima, Mkurugenzi anaombwa mambo matatu. Kwanza, Dune irekodiwe upya kwa namna moja ya usomaji, mwanzo hadi mwisho. Pili, hadi hapo, maelezo ya bidhaa yaseme wazi kwamba sauti hubadilika. Tatu, wasioona wasikilizishwe rekodi kabla haijaingia sokoni.

Ombi hili linawahusu wachapishaji wote wanaoitazama sauti kama pambo la kitabu cha karatasi. Kwa maelfu ya wasomaji, sauti ndiyo kitabu chenyewe. Wamelipa bei kamili, nao wana haki ya kujua nani anasema.

Wako katika usomaji,
Msikilizaji asiyeona