Kila mtu mbele ya nyumba yake



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri mlangoni pa sakristia mpaka watumikiaji wa altare walipomaliza kuvua kanzu zao. Ni mwana-WAWATA, namfahamu kwa miaka mingi, wala si mtu wa kulalamika ovyo. "Baba, nisaidie na huyu kijana wako," akaniambia. "Halali. Usiku kucha yuko kwenye kompyuta anawafanyia Wazungu kazi, na hawampi hata senti tano. Mdogo wake anadaiwa ada. Umeme nanunua mimi."

Nikamwahidi kwamba nitamwita nimkanye. Sasa naona nilijibu haraka mno. Sisi mapadre, tukiwa na njaa baada ya Misa mbili, huwa wepesi wa kutoa hukumu.

Kijana alikuja Jumanne jioni na kompyuta yake kwapani. Nilimuuliza kazi yenyewe ni ipi, na maelezo yake yalichukua muda mrefu kuliko maungamo ya Kwaresima. Nitakupa kwa kifupi. Kuna programu iitwayo Home Assistant, yaani msaidizi wa nyumbani. Ilianza mwaka 2013, pale Mholanzi mmoja, Paulus Schoutsen, alipotaka taa za nyumbani kwake ziwake zenyewe jua linapozama. Aliyoyaandika akayaweka wazi, na wengine wakaongeza. Leo programu hiyo inaziamuru taa, mageti, kamera na pampu za makampuni mbalimbali, nayo inakaa ndani ya nyumba yako, katika kompyuta ndogo inayoweza kuwa na ukubwa wa kisanduku cha sabuni. Ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuitumia, kuirekebisha na kumpa jirani.

Kila mwezi hutoka toleo jipya. Tangu Desemba 2020 matoleo yanaitwa kwa mwaka na mwezi, kama vile mtu anavyoandika tarehe juu ya barua. Karibu wiki moja kabla, toleo la majaribio hutolewa kwa wale walio tayari kuhatarisha taa zao ili wengine wasizimikiwe. Wakiona kasoro wanaitaja, na mwenye uwezo anaitengeneza. Lakini marekebisho hayaingii hivi hivi. Mtu mwingine lazima ayasome, ayahoji, na pengine ayarudishe kwa aliyeandika. Toleo likitoka, huambatana na orodha ya mambo yaliyobadilika ambayo yanaweza kuvuruga mipangilio yako ya zamani. Wanatangaza mapema watakachokuharibia! Natamani maparoko tungekuwa na orodha ya namna hiyo kila tunapohamishiwa parokia mpya.

Nikamwuliza kijana, "Na wewe umeona kasoro gani ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuiona?"

Akacheka. "Padre, kwao umeme haukatiki kama kwetu."

Nyumbani kwao kuna kisima kifupi, pampu na tangi la maji juu ya mnara. Alikuwa ameweka kihisi ndani ya tangi ili pampu iwake maji yakipungua na izime likijaa. Kilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika. Uliporudi, kihisi kilikuwa hakijaamka sawasawa, na kwa sekunde kadhaa hakikuwa na kipimo cha kutoa. Kipande kile cha programu kilisoma ukimya huo kama sifuri. Sifuri maana yake tangi ni tupu. Basi pampu ikawaka, maji yakafurika, uwanja ukawa tope, na mama mtu akapiga kelele kwa ajili ya maji na umeme uliopotea bure. Mahali ambapo umeme hukatika mara moja kwa mwaka, tundu hilo lingeweza kukaa miaka bila kuonekana. Kijana aliliona kwa sababu lilikuwa uani kwao.

Hapo ndipo nilipokumbuka Nehemia, sura ya tatu. Ni sura ambayo wasomaji wa Biblia huiruka kwa kuwa ni orodha ya majina magumu. Seminarini nami niliiruka, na nilikuwa na mtihani. Nehemia amerudi Yerusalemu, amezunguka usiku kukagua kuta zilizobomoka, kisha kazi imeanza. Hakuna mkandarasi mmoja. Kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake wanajenga Lango la Kondoo. Mfua dhahabu ana sehemu yake, na mtengeneza manukato yuko pembeni yake. Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Na mara kwa mara mwandishi anataja kwamba fulani alitengeneza mbele ya nyumba yake mwenyewe. Meshulamu anatengeneza mkabala na chumba chake. Fikiria hilo, mpendwa msomaji. Anayeijua nyufa ya ukuta kuliko wote ni yule anayelala akisikia upepo ukipita ndani yake. Akiziba mahali pake, hakuzibi kwa ajili yake peke yake, maana mji wenye tundu moja uko wazi wote.

Ripoti ya mwaka 2024 ya GitHub, mahali programu nyingi za namna hii zinapohifadhiwa, iliutaja mradi huu kuwa wa kwanza kwa wingi wa watu waliouchangia, zaidi ya 20,000. Wengi wao hawatakutana kamwe. Mmoja ameziba ufa wa baridi kali, mwingine ufa wa geti lililogoma. Kijana wetu ameziba ufa wa umeme kukatika.

Pengine utasema haya ni mambo ya wenye nacho, na kwamba sisi swichi ya ukutani inatutosha. Mimi pia inanitosha. Lakini vifaa hivi vimekwisha kuingia mitaani kwetu, kwenye mageti, kamera na nyumba za wageni, na jambo la kuuliza ni funguo zake anazo nani. Parokiani kwetu tuliwahi kununua taa za uani za kuamuru kwa simu. Kila amri ilipitia kwanza kwenye seva ya wauzaji, nchi za mbali, ndipo irudi kuwasha taa iliyo hatua kumi kutoka nilipokaa. Siku wauzaji walipofunga huduma hiyo, zikabaki mapambo. Tulipata hasara ndogo. Huko Marekani, mwaka 2016, kampuni ya Nest ilizima huduma ya kifaa kiitwacho Revolv, kilichokuwa kimeuzwa kwa dola 300, na watu waliokilipia wakajikuta na kisanduku kisichofanya lolote. Kifaa hakikuwa kibovu. Aliyeshika ufunguo aliamua kufunga.

Kuna pia jambo la faragha, ambalo kwa muungamishi si dogo. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya sita, anatufundisha kuingia chumbani na kufunga mlango tunaposali. Nyumba inayotoa taarifa kwa mfanyabiashara kila unapowasha taa, unapoamka usiku, unapotoka na kurudi, mlango wake haujafungwa hata ukiweka komeo. Wanaoandika programu hii wanataka taarifa za nyumba zibaki ndani ya nyumba. Mwaka 2024 waliukabidhi mradi kwa taasisi isiyo ya faida nchini Uswisi, Open Home Foundation, ili asitokee mtu siku moja akaununua na kuufunga. Mimi nauita huo utunzaji wa mali ya wote, na Kanisa limefundisha muda mrefu kwamba mali ina deni kwa watu wote.

Lakini turudi kwa mama yule, maana alikuwa na haki, na sitaki kumpita kama alivyopitwa yule majeruhi wa njia ya Yeriko.

Yesu aliwatuma mitume watoe bure walichopokea bure. Huyo huyo, katika Luka sura ya kumi, anasema mtenda kazi anastahili ujira wake. Kwa miaka mingi nimewasikia Wakristo wakiukumbuka mstari wa kwanza wakati wa kupokea, na kuusahau wa pili wakati wa kulipa. Tunafanya hivyo kwa wanakwaya na kwa makatekista, na tunafanya hivyo kwa vijana wa kompyuta: "Njoo uturekebishie mitambo ya kanisa, Mungu atakulipa." Mungu analipa, ni kweli, lakini hajatuteua kuwa wasemaji wake katika kukwepa madeni. Hata mradi ninaouzungumzia uligundua kwamba nia njema haitoshi. Mwaka 2018 waanzilishi walianzisha kampuni, Nabu Casa, inayouza huduma za hiari kwa watumiaji, na fedha hizo zikawalipa baadhi ya wanaofanya kazi hiyo siku nzima. Programu ikabaki ya bure. Mtume Paulo naye alihubiri bila malipo, lakini alishona mahema.

Na katika Nehemia sura hiyo ya tatu kuna aibu moja imeandikwa ikabaki. Watu wa Tekoa walijenga, bali wakubwa wao hawakutaka kuinamisha shingo kufanya kazi. Mbele kidogo katika orodha, Watekoa wale wale wanatajwa tena, wakijenga sehemu ya pili. Wadogo walibeba zamu yao na ya mabwana zao. Wewe unayetumia programu za bure ofisini, shuleni au dukani, na hujawahi kutuma hata taarifa ya kasoro, wala kusaidia kutafsiri ukurasa mmoja, wala kuchangia shilingi, upo upande gani wa orodha hiyo? Najiuliza na mimi. Kompyuta ninayoandikia makala hii ina programu huria tatu ninazozijua kwa jina, na mpaka mwaka huu sikuwahi kuzitolea kitu.

Marekebisho ya kijana yalirudishwa mara mbili. Mkaguzi, mtu asiyemfahamu kwa sura, alimtaka aandike jaribio la kuthibitisha kwamba ukimya wa kihisi hausomwi tena kama sifuri. Akaandika, wakakubali, yakaingia katika toleo lililofuata. Alinionyesha jina lake kwenye orodha ya mabadiliko, mstari mmoja mfupi, kwa furaha ya mtu aliyepata Kipaimara.

Sikumkanya. Tulikubaliana mambo mawili: saa sita za usiku kompyuta inafungwa, na umeme wa kompyuta atauchangia yeye.

Dominika iliyofuata mama alinikuta tena mlangoni pa sakristia. "Maji hayamwagiki tena, Baba," akasema. "Ila ada ya mdogo wake bado."

Kuna muumini wetu mwenye nyumba ya wageni, ambaye tangi lake hufurika kila umeme unaporudi. Nilimpigia simu mchana ule ule, nikamwambia nina fundi, nikamtajia na bei kabla hajaniuliza. Kijana anaanza kesho.