Matokeo ya pambano hayaishii ulingoni

Kila panapofanyika usiku wa mapigano, iwe ni ndondi tulizozizoea au yale mapigano mseto yanayoruhusu ngumi, mateke na mieleka katika pambano moja, vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe huamka wakiyachambua matokeo kama mahakimu. Fulani ameshinda kwa pointi. Fulani ameangushwa raundi ya pili. Pambano la tatu limesimamishwa na mwamuzi, na mwamuzi huyo hulaaniwa kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi naona laana hiyo inamwangukia asiyestahili. Aidha, naona ni wajibu wa walimu kuwafunza wanafunzi namna ya kuyasoma matokeo hayo.

Itakumbukwa kwamba Robert Wangila ndiye Mkenya pekee aliyewahi kutwaa nishani ya dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki. Aliipata mjini Seoul mwaka 1988 alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, na nchi nzima ikashangilia. Yako matokeo yake mengine yasiyosimuliwa sana. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, Wangila alipambana na David Gonzalez, na katika raundi ya tisa mwamuzi akalisimamisha pambano. Wangila aliupinga uamuzi ule, kwani alijiona bado anazo nguvu. Baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, alizirai. Siku mbili baada ya pambano alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 26.

Katika orodha ya matokeo imeandikwa tu kwamba alishindwa raundi ya tisa. Je, hayo ndiyo yaliyotokea usiku ule? Damu inapovuja ndani ya fuvu huubana ubongo pole pole, na mpiganaji aweza kusimama, kusema, hata kubisha, ilhali mauti yamekwisha kumkaribia. Kwa hiyo kumwuliza yeye kama aweza kuendelea ni kumwuliza mtu wa mwisho kuijua hali yake. Mwamuzi anayesimamisha pambano huenda akawa amechelewa. Ni nadra sana akawa amewahi mno.

Ulimwengu umejifunza hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki baada ya pambano lililofika raundi ya 14, na ndipo raundi za kuwania ubingwa zikaanza kupunguzwa kutoka 15 hadi 12. Mapigano mseto nayo yana desturi moja ya busara: aliyebanwa akashindwa kujinasua hugonga kwa mkono, na pambano likaisha papo hapo. Hapana anayemwita mwoga. Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Wanafunzi wetu na waujadili usemi huo darasani.

Wapo watakaonijibu kwamba ulingo huwaepusha vijana na magenge ya mapanga yaliyoisumbua Kisauni na Likoni. Sikatai. Kijana anayeamka alfajiri kukimbia, akamtii mwalimu wake na kumpa mkono mpinzani wake, amepata malezi mema. Lakini malezi hayo hayakamiliki pasipo daktari kando ya ulingo na gari la wagonjwa mlangoni. Wangila aliumia katika jiji lenye kila aina ya hospitali, na bado hakuokolewa. Kijana akiumia kichwani Likoni usiku wa manane, njia fupi ya kumfikisha hospitali kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani, ni ile inayopita kwenye kivuko cha feri. Ubongo unaovuja damu haungoji feri.

Basi nawasihi walimu, hasa wanaosimamia michezo, kwamba wanafunzi wanapoyaleta matokeo ya mapigano shuleni, wasiwanyamazishe. Wawaulize maswali matatu: daktari alikuwa ameketi wapi? Nani alikuwa na mamlaka ya kusema basi? Aliyeshindwa aliamkaje siku ya pili? Mwanafunzi asiyeweza kuyajibu amejua nani aliinuliwa mkono, hajajua kilichotokea.

Nanyi wanafunzi mnaotamani kuingia ulingoni, kwanza mchunguzeni mwalimu atakayewafunza. Akisema kwamba kijana wake hajawahi kusimamishiwa pambano, msiichukue hiyo kuwa sifa. Mtafuteni yule aliye tayari kuirusha taulo ulingoni huku umati ukimzomea, kwa kuwa huyo ndiye atakayewarudisha nyumbani kwa mama zenu.