Mama Amebip, Tumeitika?

Wengi wetu tuliijua kanuni hii kabla ya kujua kusoma. Mama akiita, binti huitika "abee", mvulana "naam", na huku miguu imeshaanza kutembea. Aliyeitika akiwa bado amekaa aliitwa mara ya pili, tena kwa sauti nyingine kabisa!

Tazameni na lugha yetu. Tukisema "mtoto huyu hasikii", hakuna anayempeleka kupimwa masikio. Na yule anayetii tunamwita msikivu.

Sasa tumekua. Mama yuko kijijini, sisi tuko mjini. Hana salio, basi anabip. Uko kazini, unaliona jina lake, unasema moyoni: nitampigia jioni. Jioni inakuja na foleni, na watoto, na uchovu wake. Nani kati yetu halijamtokea?

Amri ya kuwaheshimu baba na mama ni ya nne katika hesabu ya Wakatoliki na Walutheri, ya tano kwa Waanglikana na Wasabato. Ihesabuni mnavyopenda. Sisi wakubwa tumezoea kuwakaririsha watoto kana kwamba ni yao peke yao. Lakini pale Sinai haikutolewa kwa watoto tu. Na Yesu alipoizungumzia, katika Marko sura ya 7, alikuwa akisema na watu wazima, tena watu wa dini. Walikuwa na desturi ya Korbani: mali ikishatajwa kuwa ya Mungu, mzazi hapati kitu.

Je, sisi tuliokwisha kulipa ahadi zetu za ujenzi wa kanisa, tunajua hali ya paa la jiko la mama?

Katika Biblia nampenda sana kijana Samweli, kwa jinsi alivyoitika. Usiku anasikia anaitwa, anaamka na kumkimbilia mzee Eli, aliyekuwa akimlea. Eli anamwambia, sikukuita, kalale. Inakuwa hivyo mara tatu. Mara ya tatu ndipo mzee anapotambua kwamba anayeita ni Bwana. Hebu fikirini: kijana angechoka mara ya pili, akajifunika shuka?

Kwa hiyo nyumbani tuanzie hapo, kwenye kuitika. Baba akisimulia kisa cha mwaka ule wa njaa kwa mara ya kumi, tukae tusikie. Akisema shamba la bondeni lisilimwe kabla ya mvua kutulia, tumuulize kwa nini. Amelima pale miaka mingi kuliko umri wetu. Na watoto wetu wakituona tunaitika, hatutahitaji kuwahubiria sana.

Kutii si kukubali kila neno. Paulo, akiwaandikia Waefeso, anaagiza utii huo uwe katika Bwana, na papo hapo anawageukia akina baba wasiwachokoze watoto wao. Mzazi akikutaka umnyanyase mkeo, utakataa, kwa upole. Na wewe uliyeumizwa na mzazi, nenda taratibu. Zungumza na mchungaji au padre unayemwamini. Hakuna anayekuharakisha.

Kazini nako kuna nafasi. Wewe konda, mzee akipanda, dereva asubiri hadi akae. Wewe wa dirisha la dawa, rudia maelezo polepole, maana huyo ni mama wa mtu aliye mbali. Wewe bosi, kijana akiomba nusu siku ampeleke baba yake kliniki, utashindwa kumpa?

Jumapili hii, ibada au misa ikiisha, kabla hamjapakua chakula, piga simu. Akishtuka na kuuliza kuna msiba gani, mwambie hakuna, ni kwamba alikuita Jumanne na wewe ndiyo unaitika.