SHAURI LA NYUMBANI: Someni Kibandiko Kabla ya Kununua Lori

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri hapa Pemba, ndugu wengi huchanga fedha wakanunua lori lililokwisha kutumika. Wengine hulipakia magunia, wengine hulifanya gari la "chai maharage" la kuchukua abiria. Basi huja dalali na lori lililoinuka kama ngamia kwa ukubwa wa mipira yake, naye husema, "Mipira hii yabeba mzigo maradufu!" Msiharakishe kumwamini.

Fungueni kwanza mlango wa dereva. Malori mengi hutoka kiwandani na kibao cha bati au kibandiko karibu na nguzo ya mlango huo. Marekani sheria yalazimisha jambo hili: kiwanda huandika uzito wote ambao gari haliruhusiwi kuuzidi, uzito wa kila ekseli, kipimo cha mipira na cha upepo wake. Kiwanda chenyewe kikitia mipira mikubwa, kipimo hicho ndicho kitakachoandikwa. Lakini kibandiko kikisema 7.50R16 na mpira ukisema 8.25R16, mtu ameubadili baadaye.

Mpira nao una maandishi yake. Tuseme umeandikwa 122/118L. Namba 122 maana yake kilo 1,500 kwa mpira uliofungwa peke yake; 118 ni kilo 1,320 kwa kila mpira uliofungwa wawili wawili, kama ilivyo nyuma ya malori. L ni mwendo usiozidi kilomita 120 kwa saa. Mipira minne ya nyuma, basi, yaweza kuchukua kilo 5,280. Lakini kibandiko kikisema ekseli ya nyuma mwisho wake kilo 4,500, hesabu yenu ni 4,500. Mpira haukazi ekseli, wala springi.

Wala breki, nazo ndizo zinitiazo hofu zaidi. Gurudumu likiwa kubwa na breki zikabaki zile zile, nguvu ya kulizuia hupungua. Fikirini gari limejaa watoto waendao Kipaimara, linateremka mlima kuelekea bandarini Mkoani, na mvua yanyesha. Tena kipimo cha mwendo hudanganya: mpira ukizidi kwa sehemu 6 katika 100, dereva huona 50 kumbe yuko 53.

Hata Sheria ya Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 haikuusifu mpira mpana. Ekseli isiyokata kona yenye mipira minne ya kawaida imepewa tani 10. Yenye miwili mipana imepewa tani 8 na nusu tu, kwa kuwa huikandamiza barabara mahali pembamba zaidi.

Mwambieni fundi azungushe usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, atazame kama mpira wagusa bodi au bomba la breki. Alama za kusuguliwa hazifichiki, hata zikipakwa rangi. Mtazame pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Na kibandiko kikiwa kimebanduliwa, nakilini namba ya chesisi, mkamwulize wakala wa kiwanda vipimo vyake, na fedha zikae mfukoni mpaka jibu lije.