Mto Hauna Shemeji

Juma hili nataka tuzungumze habari za watu tunaowaona kila siku ila hatuwashukuru, na wakikosea hatuwaonyi, twawasengenya tu. Ni watu wa kamati ya mto. Hawana mshahara. Wanaacha mashamba yao, wanashuka bondeni kupima kingo, wanapanda miti, wanabishana na wenye ng'ombe, kisha jioni wanarudi nyumbani na njaa.

Kazi hiyo si ngeni. Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa na mifongo, yaani mifereji ya kuleta maji mashambani, hata kabla Wajerumani hawajafika. Mfongo ulikuwa na wazee wake waliogawa zamu za maji, na siku ya kuuzibua kila mwenye zamu alikuja na jembe lake. Asiyefika alitozwa faini. Leo hapa Tanzania iko na sheria ya serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zozote ziwezazo kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tena Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawaruhusu wanaotumia chanzo kimoja kuunda jumuiya yao, wagawane maji, wayahifadhi, na kuwapatanisha wenye ugomvi.

Labda mtu atauliza, mita 60 za nini, na shamba langu ni dogo? Jibu ni hili. Miti na majani ya kando ya mto hupunguza mbio za maji ya mvua, nayo hupata nafasi ya kuzama ardhini. Maji hayo yaliyozama ndiyo yanayotoka polepole wakati wa kiangazi. Ukilima mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo wako, mto hujaa mchanga, nawe hukupata shamba wala mto. Na walio juu wakichota kadiri wapendavyo, walio chini hukosa. Mto Ruaha Mkuu ni shahidi. Ulikuwa ukipita mwaka mzima katika Hifadhi ya Ruaha, lakini mwaka 1993 ulikatika wakati wa kiangazi, na miaka mingi baada ya hapo ukaendelea kukatika hivyo hivyo. Sababu moja kubwa ni maji yaliyochukuliwa huko juu, katika mashamba ya mpunga ya Usangu.

Basi, kazi ya kamati ni kubwa. Lakini nataka kusema neno moja ambalo huenda likawaudhi wengine: kufanya kazi bure si ruhusa ya kutoulizwa.

Katika kijiji kimoja nikijuacho ilikuwako kamati ya watu 9. Walianza vizuri sana. Walipima mita zao kwa kamba, wakapanda masale kuonyesha mpaka, wakapanda mikuyu, wakang'oa mikaratusi iliyokuwa imepandwa karibu na chemchemi. Watu waliitika, maana waliona mwenyekiti mwenyewe amekuwa wa kwanza kuhamisha migomba yake.

Mwaka wa pili ikaja taabu. Mama mmoja mjane alikutwa amelima matuta matano ya mchicha ndani ya mpaka. Akatozwa shilingi 10,000, akalipa. Mwezi ule ule shemeji yake mwenyekiti alilima nyanya hatua chache tu kutoka majini, akaweka na mashine ya kuvuta maji. Kamati ikapita pale ikatazama upande mwingine. Siku ya kazi iliyofuata walikuja watu wachache, iliyofuata tena wakaja wachache zaidi. Mifugo ikarudi mtoni. Kufika Septemba, akina mama wa kitongoji cha chini walikuwa wakifukua mchanga kwa mikono wapate ndoo moja.

Mzee mmoja akamwendea mwenyekiti kwa heshima, akamwuliza habari za nyanya na habari za fedha za faini. Mwenyekiti akajibu kwa uchungu, "Mzee wangu, mimi nafanya kazi hii miaka miwili bila senti moja. Nani wa kuniuliza?"

Nisimlaumu bure huyo bwana, maana fedha hakula. Zilikuwa zote ndani ya kopo nyumbani kwake. Lakini hazikuandikwa popote, na kisichoandikwa hakina mtetezi. Ndipo waliponiita mimi karani niwaonyeshe kazi ya kitabu. Tukanunua daftari moja, tukapiga mistari: tarehe, jina, kosa, faini, sahihi. Kisha ukaitwa mkutano wa kijiji, likasomwa kwa sauti.

Lilipokwisha kusomwa, yule mjane akasimama. Akasema, "Wanangu, mimi sirudishi neno juu ya faini yangu. Nilikosa, nikalipa. Nataka tu kuona jina la mwenzangu chini ya langu."

Kukawa kimya. Mwenyekiti akainama. Mwisho akasema, "Mama, umesema haki." Akaondoka kitini, akampisha makamu wake, naye akatoka nje wakati habari ya shemeji yake inaamuliwa. Likaandikwa jina, ikalipwa faini, mashine ikaondolewa, na nyanya zikapewa muda wa kuvunwa mara moja tu.

Sitawaambia kwamba mambo yote yalikwisha vizuri. Krismasi ile shemeji hakufika kula kwa mwenyekiti, na mke wa mwenyekiti alilia kwa ajili ya kaka yake. Hiyo ndiyo gharama ya kazi ya bure, nayo haimo katika daftari. Lakini siku ya kazi iliyofuata watu walijaa bondeni, na kiangazi cha mwaka uliofuata maji, ingawa membamba, yalifika kitongoji cha chini.

Basi ndugu mlio katika kamati, shikeni mambo matatu. Andikeni kila kitu, hata shilingi mia tano, na kitabu kisomwe mbele ya watu. Jambo likimhusu ndugu yako, ondoka kitini kabla hujaambiwa. Na muda wako ukiisha, mpishe mwingine, hata kama wanakuomba ubaki. Maana kazi inayoshikwa na mtu mmoja hufa pamoja naye.

Nasi tusio katika kamati tuna deni letu. Tufike siku ya kazi, na si kupeleka mtoto mdogo na jembe bovu. Tuulize mkutanoni, si kilabuni. Akina baba, kama mkeo amechaguliwa, usimnunie akichelewa kikao; chemsha uji mwenyewe. Na mara moja kwa mwaka, baada ya kusomwa kitabu, tusimame tuwaambie ahsanteni. Neno hilo halina bei, lakini nimewaona watu wazima wakifuta machozi kwa kulisikia.

Mto unapita kwa mjane na kwa mwenyekiti pia. Haujui nani ni shemeji ya nani. Yafaa kamati yake nayo isijue.

Kwaherini hadi juma lijalo.