Kila Mtengeneza Tovuti Awe na Ghala Lake

Mtengeneza tovuti huandika mambo yale yale mwaka mzima: fomu ya kujisajili, ukaguzi wa namba ya simu, menyu inayojikunja kwenye skrini ndogo, bei yenye mikato mahali pake. Hata hivyo, vijana wengi walio kwenye kazi hii huanza kila mradi mikono mitupu. Hutafuta mtandaoni, hunakili jibu la kwanza linalofanya kazi, hulibandika, basi. Mradi mwingine ukija, wanatafuta tena. Sisi tunasema kila mmoja awe na ghala lake la vipande vya msimbo: vifupi, vilivyojaribiwa, anavyovielewa mstari kwa mstari.

Tazama namba za simu za Kenya. Kwa miaka mingi namba ya mkononi ilianza na 07, na fomu zikaandikwa zikatae nyingine zote. Mwaka 2019 zikaingia namba za 01. Penye fomu ya zamani, mwenye laini mpya hujaza namba yake halali akaambiwa si sahihi, akaondoka na fedha zake. Tena kuna Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, unaotaka namba ianze na 254 bila alama ya kujumlisha, ilhali mteja huandika 07, au +254, au huacha nafasi katikati. Kuisafisha namba hiyo ni kazi ya mistari michache. Aliyeiweka ghalani, na akaandika juu yake ni tovuti zipi zinaitumia, hurekebisha mara moja na anajua pa kwenda. Asiyeiweka husubiri simu za wateja wenye hasira.

Kutegemea ghala la wengine kwa kila kitu nako kuna gharama. Machi 2016, mwandika programu Azer Koçulu, baada ya mzozo kuhusu jina la kifurushi chake kimoja, aliondoa vifurushi vyake kwenye npm, ghala la umma la msimbo wa JavaScript. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujaza herufi upande wa kushoto wa maandishi hadi yafikie urefu unaotakiwa. Miradi chungu nzima duniani ikashindwa kujengwa mpaka kifurushi hicho kiliporudishwa. Kwa mistari 11! Kazi ndogo kiasi hicho mtu anapaswa kuwa nayo mwenyewe. Usimbaji wa nywila ni jambo jingine: huo uachiwe maktaba zilizokaguliwa na macho mengi.

Wapo wanaouliza ghala la nini, wakati akili mnemba inaandika msimbo kwa sekunde chache. Inaandika, kweli. Lakini kila inachoandika ni kipya, na kipya kinahitaji kukaguliwa upya. Kipande ulichokwisha kukijaribu kwa wateja wako hakikudai kazi hiyo tena.

Ghala lisilotunzwa, hata hivyo, ni hatari zaidi kuliko kutokuwa nalo. Kipande cha lugha ya PHP kinachotumia amri ya mysql_query kimekosa maana tangu Desemba 2015, toleo la 7 lilipoiondoa amri hiyo. Na kama kinaunganisha maneno ya mteja moja kwa moja na swali la hifadhidata, kinamfungulia mwizi mlango. Kwa hiyo kila kipande kiandikwe tarehe, kilikotoka na leseni yake. Majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya msimbo, kwa mfano, yana leseni inayodai mwandishi atajwe. Msimbo ulioandikwa kwa mshahara wa mwajiri usihamishwe bila ruhusa yake. Nywila na funguo za malipo zisiingie humo kabisa, hata kwa siku moja.

Pa kuweka si tatizo. Faili za maandishi ya kawaida ndani ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, zinatosha, na Git ni ya bure tangu 2005.

Tunaviomba vyuo vinavyofundisha utengenezaji wa tovuti vimtake kila mwanafunzi akabidhi ghala lake pamoja na mradi wa mwisho, na vilitolee alama.