Wahitimu Kwanza Waandikwe, Ndipo Waombwe

Habari za namna hii zimekuwa za kawaida katika vyuo vyetu miaka ya karibuni. Ukumbi hupambwa, mkuu wa chuo husimama akaeleza historia ya taasisi yake kwa kirefu, kisha humtambulisha mbele ya wafanyakazi na wageni waalikwa ndugu mmoja ambaye kuanzia siku hiyo atakuwa mkuu wa uhusiano na wahitimu. Wasifu wake husomwa, watu hupiga makofi. Ndugu huyo naye hushukuru kwa kuaminiwa, na huahidi kwamba atawaunganisha wahitimu wote popote walipo ili wachangie maendeleo ya chuo chao. Baada ya hapo soda hufunguliwa.

Sina ugomvi na sherehe hizo, wala na cheo chenyewe. Chuo kisichojua waliko watu wake ni sawa na mzazi aliyezaa akasahau idadi ya watoto. Lakini katika ahadi ile limo neno moja ambalo hunisumbua kila ninapolisikia, nalo ni neno "wachangie". Yafaa tujiulize, kabla ndugu huyo hajakabidhiwa funguo za ofisi, ametumwa kufanya kazi gani hasa. Ikiwa ametumwa kupitisha bakuli, basi aambiwe wazi kwamba ni mchangishaji, na cheo chake kiandikwe hivyo mlangoni. Ikiwa ametumwa kujenga uhusiano, basi uhusiano una taratibu zake, na kuomba si hatua ya kwanza.

Wanaopenda kutupigia mfano wa ng'ambo hutukumbusha kwamba vyuo vya Marekani hupata fedha nyingi sana kutoka kwa wahitimu. Ni kweli. Ila wakishataja fedha huishia hapo, mwanzo wa jambo lenyewe hawausimulii. Chama cha wahitimu kinachohesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote nchini humo ni kile cha chuo cha Williams, katika jimbo la Massachusetts, nacho kiliundwa mwaka 1821. Mwaka huo mkuu wa chuo hicho, Zephaniah Swift Moore, aliondoka pamoja na baadhi ya wanafunzi wakaenda kuanzisha chuo kingine huko Amherst. Williams kikabaki kinayumba, na wengi walidhani kitafungwa. Waliosoma hapo zamani ndio waliokutana wakaamua kwamba chuo chao hakitakufa. Mfuko wa kuchangia kila mwaka, wa aina ile inayoigwa leo duniani, ulianzishwa katika chuo cha Yale mwaka 1890, yaani karibu miaka 70 baadaye. Kwa hiyo hata huko tunakoambiwa tukaige, watu walikuwa wamekwisha kujiona kuwa wana wa nyumba moja muda mrefu kabla hawajatakiwa kutoa fedha mfukoni.

Hapa kwetu mwanzo ulikuwa wa namna nyingine, na mkuu mpya asipoufahamu atagonga mlango usio wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba. Mlimani kilihamia mwaka 1964. Vijana waliofuata baada ya hao walisomeshwa na hazina ya nchi ambayo mapato yake yalitegemea mkonge, pamba na kahawa. Aliyelima pamba ile huenda hakupata kukanyaga darasani hata siku moja. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili mwaka 1964 kwa mfano ambao waliousikia hawakuusahau: kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula, naye akila akatokomea, huyo amewasaliti.

Tazama vizuri mfano huo. Mdai aliyemo ndani yake ni kijiji, si chungu kilichopikiwa chakula. Muhitimu wa zama zile alikuwa na deni kubwa, lakini deni hilo lilikuwa kwa wananchi, na alililipa au alilikwepa huko huko kazini kwake: katika zahanati, katika bwalo la shule, katika mashamba ya utafiti. Chuo kinapomwandikia leo kwamba ana deni kwa chuo, kinajiweka mahali pa mkulima wa pamba. Daktari aliyetumikia hospitali ya wilaya miaka 30 ana haki ya kujibu kwamba amekwisha kulipa.

Wala tusidhani kwamba suala la deni la msomi lilipata kuwa jepesi wakati wowote. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa miezi 18. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa, na Rais akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye, wakahitimu, na wengine wakashika nafasi kubwa katika utumishi wa taifa. Ningependa kujua kama kuna mkuu wa uhusiano na wahitimu aliyewahi kuketi na wazee hao akawauliza siku ile walifikiri nini, na leo wanafikiri nini. Hao ndio waliobishana na taifa juu ya deni hilo ana kwa ana.

Sasa mfikirie kijana wa leo. Sera ya kuchangia gharama iliingia miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 makato ya marejesho yakapanda hadi asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya wengine waone deni linaongezeka ilhali wanalipa, ilifutwa mwaka 2021, na waliofutiwa walishukuru. Kijana huyu deni lake limeandikwa kwa shilingi na senti, nalo hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Akipokea barua ya chuo inayomtaka "arudishe kile alichopewa", je, atakosea akiitupa? Mzee wa mwaka 1970 na kijana wa mwaka 2020 wote ni wahitimu, lakini hawawezi kuandikiwa barua moja. Ofisi isiyotambua tofauti hiyo itawaudhi wote wawili kwa gharama ya stempu moja.

Liko jambo jingine ambalo wakubwa wa vyuo hawapendi kulisikia, nalo ni kwamba uhusiano na wahitimu huanzia kwenye dirisha la masijala. Kijana aliyemaliza masomo akasafiri usiku kucha kwa basi kufuata nakala ya matokeo, akaambiwa faili halionekani, arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa mwenye saini yuko semina. Akakosa kazi kwa sababu siku ya usaili ilimkuta angali koridoni, huyo amekwisha kufundishwa uhusiano wake na chuo ni wa namna gani. Huwezi kuufuta kwa kalenda yenye picha ya jengo la utawala.

Mimi mwenyewe nilisoma katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja. Kwa miaka zaidi ya 20 chuo hicho hakikuniandikia neno, nami sikukilaumu, maana kila mtu ana shughuli zake. Kisha siku moja ikaja barua nzuri yenye nembo, ikinikaribisha katika chakula cha jioni cha kuchangia ujenzi, na bei ya meza imetajwa. Jina langu la pili lilikuwa limekosewa. Mwaka niliohitimu nao ulikuwa umekosewa. Bei ya meza peke yake ndiyo iliyoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, pasiwe na shaka yoyote. Nilicheka, lakini sikwenda.

Vyuo vikuu vyetu vina neno zuri kwa mkutano wa wahitimu, nalo ni Baraza la Masajili. Masajili ni watu waliosajiliwa, walioandikwa katika daftari. Neno lenyewe basi limekwisha kutuambia kazi inaanzia wapi. Lakini angalia ni akina nani wanaokumbukwa na daftari hilo. Kila mtu anajua kwamba Yoweri Museveni alihitimu Mlimani mwaka 1970 na Jakaya Kikwete mwaka 1975. Majina yao hayahitaji ofisi ya kuyatunza. Anayehitaji ofisi ni mwalimu wa hisabati aliyeko Tunduru, bwana shamba wa Sumbawanga, muuguzi wa Kibondo. Hao hawaalikwi kwenye meza za kulipia. Na hao, kwa maoni yangu, ndio wenye kitu ambacho chuo hakiwezi kukinunua popote: wanajua ni sehemu gani ya mafunzo yao iliwafaa walipofika kazini na ni sehemu gani ilivunjika mikononi mwao siku ya kwanza. Mwalimu yule wa Tunduru, mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, angeweza kuwaambia wakufunzi wake wa zamani mambo ambayo hayamo katika mtaala wowote. Hajaulizwa.

Kwa hiyo ndugu aliyetambulishwa juzi, katika chuo chochote kile, namtakia kheri, na namshauri asianze na hafla. Aanze na vitabu vya udahili. Achukue kile cha zamani kuliko vyote, apate vijana wawili wa kumsaidia, amtafute kila aliyeandikwa humo, aliye hai na aliyefariki, aliye na cheo na asiye nacho. Jina lililokosewa lisahihishwe. Aliyekosa nakala ya matokeo apewe, tena aombwe radhi. Kila anayepatikana aulizwe maswali mawili au matatu kuhusu kazi yake, na majibu yapelekwe kwa wakufunzi wayasome. Kazi hii haina picha ya kuweka gazetini, na huenda ikachukua mwaka mzima au zaidi.

Nao wakubwa waliomteua wamvumilie. Mwaka ukiisha na akaitwa mbele ya baraza la chuo kutoa taarifa, aulizwe kwanza amepata majina mangapi, na mangapi kati ya hayo ni ya watu wanaofanya kazi nje ya miji mikubwa. Suala la shilingi ngapi zimepatikana liwekwe chini kabisa katika ajenda ya kikao hicho, na muda ukiwa umekwisha, liahirishwe.